Namna ya Kuandaa Swali la Bungeni Kuhusu Polisi, Afya na Huduma Nyingine

Kila Bunge jipya likianza, simu yangu haipumziki. Makatibu wapya wa wabunge, madiwani, siku hizi hata vikundi vya akina mama na vijana wa kata, wote wanauliza mambo yale yale. Swali linapelekwa wapi? Linaandikwaje? Kwa nini letu limerudishwa? Na mbona tulijibiwa vizuri kabisa lakini zahanati bado ina kufuli? Nimeona niyaandike mara moja, atakayepiga simu nimtumie haya.

Nimeandaa maswali ya wabunge kwa miaka kadhaa, mengine mazuri, mengine ya aibu. Nilichojifunza kinaingia kwenye sentensi moja: swali la msingi (lile linalopelekwa kwa maandishi mapema) ni chambo, ndoano ni swali la nyongeza (lile mbunge analouliza papo hapo baada ya kujibiwa). Jibu la swali la msingi huandikwa na wataalamu wa wizara siku nyingi kabla, likapitiwa na wakubwa, likachapwa. Siku ya siku Naibu Waziri analisoma tu. Kwenye nyongeza ndipo anaposimama peke yake. Kwa hiyo utaona hatua zangu zinaanzia nyuma kuja mbele.

Mwongozo huu ni wa Bunge la Tanzania, Dodoma. Msingi wake ni Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba ya mwaka 1977, inayolipa Bunge madaraka ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Shika maneno hayo ya mwisho, "katika wajibu wake", kwa sababu ndiyo yanayorudisha maswali mengi. Nadharia imeishia hapo.

Kabla hujaanza, uwe na haya

- Maelezo ya tatizo yaliyoandikwa: kijiji, kata, tangu tarehe ngapi, linawagusa watu wangapi.
- Nakala za barua zilizokwisha kuandikwa kwenda halmashauri, kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) au kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na majibu yake kama yapo. Barua isiyojibiwa nayo ni ushahidi, mradi ina muhuri wa kupokelewa.
- Takwimu rasmi. Idadi ya watu chukua ya Sensa ya 2022, ambayo imeshuka hadi ngazi ya kata. Mambo ya fedha chukua kwenye vitabu vya bajeti na ripoti za CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali).
- Kanuni za Kudumu za Bunge, toleo linalotumika sasa. Toleo la 2016 bado linazunguka kwenye simu za watu na limeshapitwa. Muda wa kuwasilisha maswali na idadi inayoruhusiwa soma humo humo, usimsikilize mtu wa korido, hata mimi.
- Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za maneno yaliyosemwa bungeni, za mikutano ya miaka miwili mitatu iliyopita. Zipo kwenye tovuti ya Bunge.
- Mtu mmoja aliye kwenye eneo lenyewe, mwenye simu iliyo na chaji, anayeweza kwenda kuangalia kwa macho yake saa moja asubuhi ya siku ya swali. Utaona mbele kwa nini namtaka huyu kuliko vyote.

Hatua ya 1: Pima kama tatizo ni la Dodoma

Si kila kero ni swali la Bunge. Muuguzi anayewatukana wajawazito katika zahanati moja ni jambo la Baraza la Madiwani. Diwani aliulize huko, Mkurugenzi wa halmashauri yupo pale pale na ana mamlaka juu ya mtumishi huyo leo hii. Ukilipeleka Dodoma litasubiri miezi, na jibu litakuwa "Mkurugenzi ameelekezwa afuatilie". Yaani umezunguka nchi kurudi mlangoni kwako.

Kipimo changu ni hiki: jambo likihitaji fedha za bajeti kuu, kibali cha serikali kuu, sera, au chombo ambacho halmashauri haina mamlaka nacho, basi ni la Bunge. Polisi karibu kila mara wanaangukia hapa, kwa sababu OCD haripoti kwa Mkurugenzi.

Kwa walioko Zanzibar kuna mtego wa ziada. Polisi ni jambo la Muungano, afya si jambo la Muungano. Kituo cha polisi cha Pemba huulizwa Dodoma na mbunge. Hospitali ya Pemba huulizwa Baraza la Wawakilishi, Chukwani, na mwakilishi. Nimeona kundi la wananchi likimlaumu mbunge wao mwaka mzima kwa "kunyamazia" hospitali ambayo hakuwa na pa kuiulizia.

Hatua ya 2: Tafuta wizara yenye wajibu

Makosa mengi ya wanaoanza yako hapa. Swali la zahanati linaandikiwa Wizara ya Afya kwa sababu lina neno "afya". Ramani ya haraka:

- Kituo cha polisi, nyumba za askari, gari la doria, mahabusu, dhamana ya polisi: Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Magereza, Uhamiaji, Zimamoto na NIDA nao wako huko.
- Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya halmashauri, pamoja na majengo, mgawo wa watumishi na gari la wagonjwa: TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa).
- Hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za kanda, Muhimbili, sera ya afya, bima na dawa za MSD (Bohari ya Dawa): Wizara ya Afya.
- Kibali cha kuajiri: Utumishi, wizara ya watumishi wa umma. Zahanati isiyo na mganga inaweza kuwa kosa la TAMISEMI (watumishi wapo, hawakupangwa) au la Utumishi (kibali hakikutoka). Ulizia halmashauri kwanza ni lipi.
- Barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA: TAMISEMI. Barabara kuu na za mkoa, za TANROADS: Wizara ya Ujenzi.
- Maji vijijini, RUWASA: Wizara ya Maji. Umeme, TANESCO na REA: Wizara ya Nishati.

Rais akipanga upya wizara, ramani nayo inapinda. TAMISEMI yenyewe imeshahamahama kati ya Ofisi ya Waziri Mkuu na Ofisi ya Rais. Angalia muundo wa sasa kabla ya kuandika anwani.

Kuna mambo yanayokaa mpakani. Fomu ya PF3, ile ya polisi ambayo majeruhi hutakiwa kuwa nayo ili atibiwe, ni mfano mzuri. Anayeitoa ni polisi, lakini anayemzuia majeruhi mlangoni kwa kuikosa ni mhudumu wa hospitali. Ukiandika swali moja, kila wizara itasema mwenzake ndiye. Andika mawili: moja kwa Mambo ya Ndani kuhusu upatikanaji wa fomu usiku na sikukuu, jingine kwa wizara yenye hospitali kuhusu utaratibu wa kumpokea majeruhi.

Hatua ya 3: Nenda kaone, kisha uandike namba

Usiandike swali kutokana na ujumbe wa WhatsApp. Nenda, au mtume mtu unayemwamini. Zahanati "imekamilika" maana yake nini? Ina milango? Ina choo, maji, nyumba ya mtumishi? Mara nyingi kinachoitwa zahanati ni boma lililoishia kwenye lenta, wananchi walichanga, wakachoka. Swali la boma na swali la jengo lililofungwa ni maswali mawili tofauti kabisa.

Kituoni uliza kwa adabu: askari wangapi, kata ngapi, gari lipo au liko juu ya mawe? Huenda OCS (mkuu wa kituo) asikujibu, na si lazima akujibu. Idadi ya askari ni jambo la usalama, hata bungeni waziri anaweza kukataa kuitaja. Lakini umbali kutoka kijiji cha mwisho hadi kituoni unapimwa na bodaboda yeyote, na hauna usiri.

Ukihitaji taarifa iliyoandikwa kutoka ofisi ya umma, iombe kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi siku 30 kukujibu. Kwa hiyo anza mapema.

Halafu tafuta kipimo ambacho Serikali yenyewe ilijiwekea. Huu ndio utamu wa kazi hii. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule MMAM wa 2007 hadi 2017, ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Sera ya Afya ya 2007 inasema wajawazito na watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi katika vituo vya umma. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inazungumzia saa 24 za kumfikisha mahakamani mtu aliyekamatwa bila hati. Ukisema "huduma ni mbaya", hayo ni maoni yako na waziri ana maoni yake. Ukisema mjamzito ametakiwa alipie glovu na uzi katika kituo cha umma, na risiti unayo, mjadala unabadilika sura.

*Angalizo:* mtu aliyekupa ushuhuda ana jina na ana jirani. Faili la mgonjwa si mali yako. Aliyebakwa, aliyepigwa mahabusu, aliyefiwa na mtoto wodini, hadithi yake iingie bila jina wala kijiji, tena kwa ridhaa yake.

Hatua ya 4: Soma Hansard kabla hujashika kalamu

Tafuta jina la kata na jina la wilaya. Mara nyingi utakuta swali lako lilishaulizwa, na jibu lake ni hazina: "itajengwa katika mwaka wa fedha" fulani, na mwaka huo ulishapita. Sasa huna swali la kuomba, una ahadi ya kudai. Nakili tarehe, namba ya swali na maneno yenyewe ya waziri neno kwa neno. Usiyafupishe, watayakana.

Hatua ya 5: Andika maswali ya nyongeza kwanza

Mwenye swali la msingi hupewa nyongeza mbili. Kaa chini uandike jibu ambalo wizara italeta. Ndiyo, liandike wewe. Si kazi ngumu, majibu yana familia zake:

"Serikali inatambua umuhimu wa ... na itajenga kwa kadiri ya upatikanaji wa fedha."

"Tathmini inaendelea, ikikamilika Serikali itachukua hatua."

"Nitoe wito kwa wananchi watoe taarifa kwenye mamlaka husika."

"Niko tayari kuongozana na Mheshimiwa Mbunge kwenda jimboni."

Kwa kila moja, andaa kitu cha kufunga mlango. Jibu la fedha linafungwa na fungu (namba ya wizara au taasisi kwenye kitabu cha bajeti) na mwaka: "Kwa kuwa Serikali imesema fedha zikipatikana, je, ni kiasi gani kimetengwa kwa kituo hiki katika bajeti ya mwaka huu wa fedha?" Polisi wana fungu lao, la 28. Wizara ya Afya ni 52. Fedha za halmashauri zinapita kwenye mafungu ya mikoa. Mbunge akitaja fungu, waziri anajua huyu amefungua kitabu.

Jibu la tathmini linafungwa na tarehe: ilianza lini, nani anaifanya, inakwisha lini? Jibu la wito linafungwa na barua: "Wananchi walishatoa taarifa kwa barua ya tarehe fulani, iliyopokelewa ofisi fulani. Je, Waziri yuko tayari kutueleza imefikia wapi?"

Na la kuongozana? Hilo ni tamu, wabunge wengi hulishukuru na kukaa. Likubali, lakini ndani ya nyongeza ile ile: "Nashukuru. Je, tutakwenda kabla ya mkutano huu wa Bunge kuahirishwa?" Jibu lake likiingia Hansard, safari ina tarehe.

Hatua ya 6: Sasa andika swali la msingi

Fungua Hansard yoyote uhesabu maswali yanayosema "Je, Serikali ina mpango gani wa...?" Utachoka kuhesabu. Kuuliza "mpango gani" ni kumwonyesha waziri mlango wa nyuma. Mpango upo siku zote, Serikali haikosi mpango.

Dhaifu:
"Je, Serikali ina mpango gani wa kuboresha huduma za afya na ulinzi katika Wilaya ya ___?"

Hapo kuna wizara mbili, mambo mawili, na hakuna hata kijiji kimoja.

Lenye meno:
"Je, ni lini Serikali itapeleka watumishi na kufungua Zahanati ya Kijiji cha ___, Kata ya ___, ambayo ujenzi wake ulikamilika Machi 2024?"

Upande wa polisi:
"Je, ni lini Serikali itapeleka gari katika Kituo cha Polisi cha ___ ambacho kinahudumia kata nne bila usafiri?"

Nyongeza yake iwe ya mafuta. Gari bila mafuta ni pambo, na kila aliyewahi kuambiwa "leta nauli ya askari tukamkamate mtuhumiwa" anajua ninachosema. Uliza gari hilo litapewa lita ngapi kwa mwezi.

Swali moja, jambo moja, sehemu moja. Sentensi mbili zikizidi, umeanza hotuba. Ukitaka takwimu ndefu, kwa mfano idadi ya watumishi wa afya kwa kila kituo katika wilaya nzima, omba jibu la maandishi. Halitatangazwa redioni, lakini utapata jedwali ambalo litakuzalishia maswali kumi mengine. Wabunge hawapendi maswali ya maandishi kwa kuwa hayaonekani. Mimi nayapenda kwa sababu hiyo hiyo: wizara haijihami sana.

Hatua ya 7: Ondoa vinavyorudisha swali

Pitia rasimu na kalamu nyekundu. Swali litarudishwa au kukatwa likiwa linabishana badala ya kuuliza, likijengwa juu ya tetesi, likigusa kesi iliyoko mahakamani, au likimshambulia kwa jina mtu asiyeweza kujitetea ukumbini. Askari aliyempiga raia, na kesi imefunguliwa, usiulize hatia yake. Uliza utaratibu wa Jeshi la Polisi kushughulikia malalamiko dhidi ya askari, uulize malalamiko mangapi yalipokelewa mkoani mwaka jana na mangapi yalifungwa.

*Angalizo zito:* kinga ya Ibara ya 100 ni ya mbunge na ni ya bungeni. Wewe katibu, diwani, au mwanakikundi uliyeandika rasimu huna kinga hiyo. Ukiirusha rasimu yenye tuhuma kwenye makundi ya mtandaoni kabla haijaulizwa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakusubiri wewe, si mbunge. Naye mbunge asijidanganye: akisema jambo la uongo ukumbini anaweza kutakiwa alithibitishe, na akishindwa, safari yake ni Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge.

Hatua ya 8: Peleka kwa wakati wake

Swali huwasilishwa kwa maandishi, limesainiwa na mbunge, kwa Katibu wa Bunge. Baki na nakala iliyogongwa muhuri.

Wakati una maana kuliko watu wanavyodhani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Novemba Bunge linajadili mapendekezo ya mpango wa mwaka ujao. Januari hadi Februari wizara bado zinapanga. Aprili hadi Juni ni bajeti. Swali la kuomba fedha lipelekwe lijibiwe Novemba au Februari, unga ukiwa bado haujakandwa. Ukiomba kituo cha afya mwezi Juni, chapati zimeshaiva. Mkutano wa Agosti na Septemba ni mzuri kwa kuuliza utekelezaji: fedha mlizopitisha zimefika?

Hatua ya 9: Siku ya swali

Saa moja asubuhi mpigie yule mtu wa eneo. Nilishaandaa swali la "ni lini gari la wagonjwa litapelekwa", mbunge wangu akasimama kwa kujiamini, Naibu Waziri akajibu kwa upole uliouma kwamba gari lilishafika, na jana yake limebeba mgonjwa. Lilikuwa na siku tisa pale. Ukumbi ulicheka. Tulirudi ofisini bila kusemeshana. Simu ya dakika mbili ingetosha.

Kikao kinaanza saa 3:00 na maswali yanafuata mapema, kwa hiyo mbunge asichelewe. Mpe karatasi moja tu, herufi kubwa: swali la msingi, nyongeza mbili, na mstari mmoja wa ushahidi chini ya kila nyongeza. Nyongeza ya tatu ya akiba iandike nyuma, jibu likija tofauti na ulivyotabiri.

Mbunge aache pongezi ndefu. Najua desturi yetu, huwezi kuingia kwa mtu bila hodi. Lakini "Mheshimiwa Spika, nashukuru kwa majibu, nina maswali mawili ya nyongeza" ni hodi ya kutosha. Wakati akimpongeza kila mtu, Spika anamwambia "uliza swali", na akili imeshatoka kwenye reli.

Wewe ukiwa nje, andika jibu linavyosemwa, hasa ahadi na tarehe. Angalia pia wabunge wengine waliosimama kuuliza nyongeza kwenye swali hilo hilo. Hao wana tatizo kama lenu, na kwenye bajeti mtawahitaji.

Hatua ya 10: Baada ya jibu

Wengi wanaishia kukata kipande cha video na kukituma jimboni. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Hansard ikitoka, andika barua kwa Katibu Mkuu wa wizara, nakala kwa Mkurugenzi, ukinukuu tarehe, namba ya swali na ahadi. Rudi kijijini ukaisome ahadi kwenye mkutano wa hadhara, watu waijue tarehe na wao.

Tarehe ikipita, una njia tatu. Uliza tena ukitaja jibu la awali. Mpelekee mjumbe wa kamati inayohusika: polisi wako chini ya kamati inayosimamia ulinzi na usalama, na kama fedha zilitoka zikapotea, kuna kamati za Bunge za hesabu, PAC kwa wizara na LAAC kwa halmashauri. Au subiri bajeti ya wizara hiyo, mbunge ashike shilingi ya mshahara wa waziri, yaani azuie mshahara huo usipitishwe, mpaka apate maelezo. Shilingi ni ndogo, lakini waziri aliyeshikiwa hurudi na jibu bora kuliko lile la asubuhi ya maswali. Ndiyo maana barua na nukuu zitunzwe, kwa sababu shilingi haishikwi kwa hasira tupu.

Alhamisi kwa Waziri Mkuu

Maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu ni mnyama mwingine. Hayapelekwi kabla, kwa hiyo Waziri Mkuu hana jibu lililochapwa. Lakini ukimwuliza kituo cha polisi cha kata moja, Spika atakuelekeza kwa waziri wa kisekta. Geuza kero iwe sera: si "zahanati yetu", bali "Serikali inasemaje kuhusu zahanati zilizojengwa na wananchi zikakosa watumishi?" Kisha itaje yako kama mfano, kwa sekunde tano.

Mambo yakikwama

*Swali limerudishwa.* Uliza kwa maandishi ni kanuni ipi imevunjwa. Mara nyingi ni wizara isiyo sahihi au mambo mawili katika swali moja. Rekebisha hapo tu, usiandike upya lote.

*Limepokelewa lakini halipangwi.* Maswali ni mengi, siku chache. Mkutano ukikaribia kuisha, omba ligeuzwe kuwa la majibu ya maandishi kuliko life na mkutano.

*Mbunge amesafiri au anaumwa.* Mwenzake anaweza kuliuliza kwa niaba yake, ndiyo zile herufi "K.n.y." unazoziona kwenye Hansard. Mpe huyo mwenzake karatasi ya nyongeza pia. Akiachiwa swali tupu atauliza nyongeza ya jimbo lake, na simlaumu.

*Jibu lina takwimu zinazogongana na mlichokiona.* Msipige kelele siku hiyo. Pigeni picha, chukueni barua ya serikali ya kijiji yenye tarehe, mbunge ampelekee waziri kwa mkono kwanza. Nimeshaona waziri akirudi ukumbini kusahihisha jibu kwa sababu alidanganywa na watu wake wa chini. Aliyeletewa ushahidi faraghani hana sababu ya kujihami.

*Waziri ameahidi, wilayani wanasema hawajaona barua.* Hili ndilo la kila siku. OCD au Mganga Mkuu hafanyi kazi kwa kusikiliza redio, anasubiri maelekezo ya maandishi kutoka kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), mkoani au wizarani. Uliza wizarani barua ya maelekezo ina kumbukumbu namba ngapi. Kama haipo, hapo ndipo ahadi ilipofia. Ukiwa na namba, mpelekee mwenyewe nakala mkononi.

*Mbunge wetu hataki kuuliza.* Mbunge yeyote anaweza kuuliza jambo la jimbo lolote. Wabunge wa Viti Maalum wa mkoa wenu hawana jimbo la kutetea, na wengi hutafuta maswali yaliyoandaliwa vizuri. Mpelekee karatasi moja: swali, nyongeza mbili, picha, barua yenye muhuri, na namba ya yule mtu wa saa moja asubuhi.